Rebeca Gyumi na umri wa kuolewa: lipi kweli, lipi uongo

Tarehe 8 Julai 2016, Mahakama Kuu ya Tanzania jijini Dar es Salaam ilitoa hukumu katika shauri ambalo mwanasheria kijana aliyekulia Dodoma, Rebeca Gyumi, alikuwa amelifungua dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mahakama ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinakwenda kinyume na Katiba. Tangu hapo hukumu hiyo imetajwa bungeni, misikitini, makanisani na kwenye vikao vya wazazi, na mengi yanayosemwa juu yake si sahihi. Wapo wanaoamini ndoa za utotoni zilikwisha siku ile. Wapo wanaoamini dini yao ilishtakiwa. Wapo wanaosema elimu ni bure siku hizi, basi msichana anayeacha shule kajitakia. Kila dai la namna hii humpa mtu mzima sababu ya kunyamaza wakati mtoto wa jirani anatolewa darasani, ndiyo maana nimeyachukua yale yanayosikika zaidi niyapime.

"Kesi ile ilihusu ndoa. Elimu ni jambo jingine."

Uongo, na ndio unaozaa uongo mwingine mwingi.

Hebu tupige hesabu ya kawaida. Mtoto akianza darasa la kwanza na miaka sita au saba, anamaliza la saba akiwa na miaka 13 au 14. Siku anapotimiza miaka 15 yuko kidato cha kwanza au cha pili. Sasa tusome kifungu cha 13: mvulana asioe kabla ya miaka 18, msichana asiolewe kabla ya miaka 15. Kifungu hichohicho kikaongeza kwamba mahakama inaweza kuruhusu hata mwenye miaka 14 kukiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kikasema msichana ambaye hajafika miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba yake. Baba akiwa amefariki, ya mama. Wote wakiwa hawapo, ya mlezi.

Maana yake ni kwamba sheria ilimwachia mvulana muda wa kufika kidato cha nne, ikamfungulia msichana mlango wa kutoka shuleni akiwa bado hajafanya mtihani wa kidato cha pili. Haikuhitajika kanuni yoyote ya elimu iseme wasichana wasisome. Kifungu kimoja cha ndoa kilitosha.

Gyumi aliifikia Sheria ya Ndoa kwa kupitia shuleni. Kabla ya kesi alifanya kazi kwa miaka kadhaa na Femina Hip, shirika linalotoa majarida na vipindi vya televisheni kwa vijana, na huko alikutana na wanafunzi wa mikoa mbalimbali. Amewahi kusimulia habari za rafiki wa utotoni, Dodoma, ambaye mimba ilimkatisha masomo. Shirika aliloanzisha mwaka 2016, Msichana Initiative, lina kazi moja kubwa, nayo ni haki ya msichana kusoma. Ukiitenga kesi yake na darasa, hutaielewa kabisa.

"Sheria ile ilikuwa masalia ya wakoloni."

Uongo. Ni sheria yetu wenyewe, iliyopitishwa mwaka 1971 baada ya Waraka wa Serikali Namba 1 wa mwaka 1969 kujadiliwa nchini. Kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa. Iliweka chini ya sheria moja ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali, ikampa mke haki ya kumiliki mali yake, ikakataza mwanandoa kumpiga mwenzake. Waliotunga sheria hiyo wanastahili heshima, nami siwabezi. Lakini sheria nzuri inaweza kuwa na kifungu kibaya ndani yake.

"Hukumu ilipotoka tu, umri wa kuolewa ukawa miaka 18."

Uongo, tena huu unawapotosha hata watu waliosoma.

Katiba yetu, katika ibara ya 30(5), inairuhusu mahakama, badala ya kuitangaza sheria kuwa batili papo hapo, kuipa Serikali muda wa kuirekebisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mahakama Kuu iliipa Serikali mwaka mmoja kuwasilisha marekebisho ili umri wa chini uwe miaka 18 kwa wote, msichana na mvulana. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo juu yake hakuna nyingine nchini, iliitupilia mbali rufaa hiyo na kusema Mahakama Kuu ilikuwa sahihi.

Hapo ndipo wengi wanapoacha kuifuatilia habari hii. Lakini mahakama haiandiki sheria upya. Kazi hiyo ni ya Bunge. Hadi mwaka 2024, miaka nane baada ya hukumu ya kwanza, Bunge lilikuwa bado halijakibadilisha kifungu cha 13. Ilielezwa kwamba maoni ya wananchi yanahitaji kukusanywa zaidi. Kukusanya maoni ni jambo jema, lakini msichana aliyekuwa na miaka 15 siku ya hukumu alikuwa na miaka 23 mwaka huo. Maoni yake hayangeweza tena kumrudisha kidato cha pili.

"Akishapata mimba, kumwozesha ni kumlinda."

Dai hili nalipa nafasi kubwa kwa sababu lina huruma ndani yake, na kwa sababu lilifika hadi Mahakama ya Rufani. Upande wa Serikali ulijenga hoja kwamba tofauti ya umri iliwekwa kwa nia njema, ili msichana anayepata mimba kabla ya miaka 18 aweze kuolewa na mtoto wake azaliwe ndani ya ndoa. Mzazi mwenye binti aliyepata mimba anaielewa hoja hiyo haraka. Anaona aibu, anaona maneno ya watu, anaona mjukuu asiye na baba. Ndoa inaonekana kufunika yote kwa mpigo.

Tutazame ndoa hiyo inamlinda nani. Kanuni ya Adhabu, baada ya mabadiliko ya mwaka 1998 yaliyoletwa na sheria ya makosa ya kujamiiana, inasema mwanaume akifanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana alikubali. Adhabu yake ni kubwa mno. Lakini kifungu hicho, cha 130(2)(e), kimeweka msamaha: si kosa ikiwa msichana ni mke wake, ana miaka 15 au zaidi na hawajatengana. Mwanaume yuleyule, msichana yuleyule, tendo lilelile. Bila cheti cha ndoa anakwenda gerezani. Akiwa na cheti anakwenda nyumbani. Aliyepata ulinzi hapo ni mwanaume.

Msichana naye amepata nini? Ametoka kwa wazazi wake, ametoka shuleni, anamtegemea mtu ambaye mara nyingi amemzidi umri kwa mbali, na anajifungua mwili ukiwa bado unakua. Wakunga na madaktari wanaijua hatari ya uzazi wa umri huo, pamoja na uchungu wa muda mrefu unaoweza kuacha fistula. Ndoa ikivunjika baada ya miaka miwili au mitatu, anarudi kwa baba akiwa na mtoto mgongoni na elimu ya kidato cha kwanza. Sioni ulinzi hapo. Mahakama nayo haikuuona. Iliona kwamba nia njema haiwezi kuhalalisha kumtendea msichana tofauti na mvulana kwa sababu tu ya jinsia yake.

"Huku ni kuingilia dini, hasa Uislamu."

Uongo, ingawa naijua hofu iliyo nyuma yake.

Jambo la kwanza ni la kisheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawahusu watu wa Tanzania Bara wa dini zote na wasio na dini. Sheria nyingine ya nchi inasema wazi kwamba katika mambo ambayo Sheria ya Ndoa imeyagusa, kanuni za mila na za Kiislamu hazitumiki badala yake. Kwa hiyo kilichoshtakiwa kilikuwa kifungu cha Bunge, na kilimruhusu Mkristo kama kilivyomruhusu Mwislamu na mfuasi wa dini za jadi. Zanzibar haimo kabisa katika sheria hiyo. Mambo ya ndoa huko yana utaratibu wake na Mahakama za Kadhi.

Jambo la pili linaonekana kwenye ramani. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010, unaofanywa na Serikali yenyewe, ulionyesha ndoa za kabla ya miaka 18 zimekithiri Shinyanga, asilimia 59 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24, ikifuatiwa na Tabora, asilimia 58, Mara, 55, na Dodoma, 51. Anayeifahamu nchi hii anajua mikoa hiyo haiunganishwi na dini moja. Inaunganishwa na mahari ya ng'ombe, na mvua za kubahatisha, na sekondari zilizo mbali na nyumbani. Ukame ukiua mazao, binti anaonekana kama njia ya kurudisha mifugo zizini. Hilo ni jambo la mfuko, na dini haina budi kulikemea.

Na ikumbukwe, hali imekuwa ikibadilika. Kwa nchi nzima kiwango kilikuwa asilimia 37 mwaka 2010. Utafiti wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 31. Mila ambayo watu wanaiacha wenyewe mwaka hadi mwaka haihitaji kutetewa na sheria.

"Siku hizi ukioa mwanafunzi ni miaka 30 jela, kwa hiyo tatizo limekwisha."

Nusu kweli. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016 na kifungu cha 60A kikaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Hilo ni kweli na lilikuwa jambo la lazima.

Lakini neno linalobeba kifungu hicho ni mwanafunzi. Asipokuwa mwanafunzi, kifungu hakimfikii. Wazazi wengine wameliona pengo hilo mapema. Walimu wa vijijini wanaifahamu habari ya msichana hodari anayeambiwa nyumbani aandike majibu ya makosa kwenye mtihani wa darasa la saba. Akifeli hachaguliwi kwenda sekondari, akishatoka kwenye daftari la shule si mwanafunzi tena, na akitimiza miaka 15 Sheria ya Ndoa inamruhusu aolewe kwa ridhaa ya babaye. Sheria mbili za nchi moja, moja inamfunga mtu miaka 30 na nyingine inamfungulia njia, na msichana yuko katikati. Ndiyo sababu Gyumi na wenzake hawakuridhika na adhabu ya kifungo. Walitaka umri wenyewe ubadilike, uwe mmoja kwa aliye shuleni na aliye nje ya shule.

"Elimu ni bure, anayeacha shule ni mvivu."

Uongo, na unaniumiza kuusikia ukisemwa na watu ambao shule ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwao.

Ada ya sekondari za Serikali hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Shule zilijaa kwa sababu hiyo, na hakuna anayeweza kuipuuza hatua hiyo. Lakini ada ilikuwa sehemu tu ya gharama. Kuna sare, madaftari, chakula cha mchana, taulo za kike. Zaidi ya yote kuna umbali. Sekondari ya kata inaweza kuwa na mwendo wa saa mbili kwa miguu, na pasipo na bweni wanafunzi wanapanga chumba karibu na shule, wanakiita geto. Msichana wa miaka 14 anaishi geto na wenzake bila mtu mzima, anatoka nyumbani Jumapili na debe la unga na fedha kidogo, na ifikapo Alhamisi unga umekwisha. Kijana wa bodaboda anayemsaidia lifti na nauli ya kesho yuko pale barabarani. Mimba nyingi za wanafunzi zina historia ya namna hii. Bweni moja lenye matroni na jiko linazuia mimba nyingi kuliko mahubiri ya mwaka mzima.

"Mwanafunzi akijifungua haruhusiwi kurudi shule ya Serikali."

Ilikuwa hivyo. Sasa ni uongo.

Kwa miaka mingi wasichana walifukuzwa kwa kanuni za mwaka 2002 zinazohusu kumfukuza mwanafunzi, ambazo zilitaja makosa dhidi ya maadili na kuingia kwenye ndoa. Mimba haikutajwa, iliingizwa humo kwa tafsiri. Mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba katika uongozi wake hakuna mwanafunzi mwenye mtoto atakayerudi darasani, na milango ikafungwa kabisa. Mwezi Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ukatoka.

Naiweka habari hii hapa kwa sababu bado wako wazazi, na hata wakuu wa shule, wasioijua au wasiotaka kuijua. Na waraka ni waraka. Anayekuja kesho anaweza kuufuta kwa waraka mwingine. Haki ya msichana ingekuwa salama zaidi ikiandikwa kwenye sheria.

"Ni ajenda ya wazungu."

Uongo. Shauri lilifunguliwa na Mtanzania, likatetewa na wakili Mtanzania, Jebra Kambole, likaamuliwa na majaji Watanzania kwa kutumia ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania, inayosema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Miezi michache kabla ya hukumu hiyo, Januari 2016, Mahakama ya Katiba ya Zimbabwe ilikuwa imefuta ndoa za chini ya miaka 18 kwa ombi la wanawake wawili vijana, Loveness Mudzuru na Ruvimbo Tsopodzi, walioolewa wakiwa watoto. Kenya iliweka umri wa miaka 18 katika Sheria yake ya Ndoa ya mwaka 2014. Uganda iliuandika kwenye Katiba ya 1995. Majirani zetu walishatangulia.

Ni kweli kwamba Umoja wa Mataifa ulimpa Gyumi Tuzo ya Haki za Binadamu mwaka 2018. Tuzo ilikuja baada ya kazi, haikuianzisha. Tena kazi hiyo ilikuwa na mikono mingi: mashirika ya kutetea haki kama TAMWA, TGNP, TAWLA na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu yalikuwa yakipaza sauti dhidi ya kifungu hicho tangu yeye akiwa mwanafunzi. Anayemtaja Gyumi peke yake anawadhulumu akina mama waliosafisha njia.

"Mwananchi yeyote anaweza kwenda mahakamani kuitetea Katiba kama alivyofanya yeye."

Kweli, kwa mwaka 2016. Gyumi hakuwa ameolewa utotoni. Alisimama kwa niaba ya wengine, kwa nguvu ya ibara ya 26(2) ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Mwezi Juni 2020 Bunge lilibadilisha sheria inayosimamia mashauri ya haki za msingi, likamtaka mfungua shauri aape namna yeye binafsi alivyoathirika. Watetezi wa haki wakalipinga sharti hilo mahakamani. Fikiria uzito wake kwa msichana wa miaka 15 huko Nzega au Tarime: ili kifungu kiguswe, angetakiwa kwanza aolewe, kisha atafute wakili. Mtoto anahitaji mtu mzima asiyeumia amsemee yeye anayeumia, na sheria iliyoiziba njia hiyo ilimwacha peke yake.

Na wewe msomaji, kama unaishi kwenye kata yenye sekondari, fanya mambo mawili. Muulize mbunge wako hadharani, kwenye mkutano, ni lini marekebisho ya kifungu cha 13 yatapigiwa kura na yeye atapiga kura gani. Na ukisikia ng'ombe wanahesabiwa kwa ajili ya binti ambaye hajafika miaka 18, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Au mwone ofisa ustawi wa jamii wa kata, au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Usingoje Bunge.